Vifaa vya kupimia redio: kipi ujenge mwenyewe, kipi ununue

Multimita ya kawaida ukiishika kwenye mawimbi ya megahezi 14 itakupa namba, lakini namba hiyo haina maana. Upande wake wa AC umetengenezwa kwa umeme wa ukutani, wa hezi 50 au 60, na masafa yakishapanda mno kipimo huanza kudanganya. Kwa hiyo kila mwenye redio ya ridhaa anayejijengea transmita, chujio au antena hufika mahali akahitaji kifaa kingine, na hapo anakutana na uchaguzi mwingi: mzigo bandia wenye dayodi, mita ya nguvu ya chipu, daraja la SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na transmita; 1 ndiyo kamili), kapla, dipa, kaunta, jenereta ya mawimbi, mita ya koili na kapasita, kichanganuzi cha wigo. Vyote vinajengeka mezani. Si vyote vinavyostahili kujengwa.

Unaweza kuvipanga kwa ugumu, kwa gharama au kwa upana wa masafa. Mimi natanguliza swali moja: nikishakijenga, nitajuaje kwamba kinasema kweli, bila kwenda kuazima kifaa cha maabara? Baadhi ya vifaa hivi vinakaguliwa kwa betri na multimita ileile niliyoisema vibaya hapo juu, maana kwenye DC multimita ni mkweli. Vingine vinakaguliwa kwa kutumia hivyo vya kwanza. Na vipo ambavyo nyumbani havikaguliki hata ufanyeje.

Nguvu: dayodi, chipu au joto

Njia kongwe ni mzigo bandia wa omu 50, dayodi moja, kapasita moja na voltimita. Transmita inamwaga nguvu yake kwenye mzigo, dayodi inakamata kilele cha wimbi, kapasita inakihifadhi, nawe unasoma volti za DC. Hesabu yake ni nyepesi: volti ya kilele zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa 100, unapata wati. Wati 1 ni kilele cha volti 10. Wati 5 ni volti 22.4, wati 100 ni volti 100 kamili, ambazo zinaunguza kidole, basi usizishike. Mzigo wenyewe unaweza kuutengeneza kwa rezista 20 za kilo-omu 1, wati 2 kila moja, zikiunganishwa sambamba. Unapata omu 50 zinazobeba wati 40. Ziwe za kaboni au za oksidi ya metali. Zile za waya uliozungushwa ni koili zilizojificha ndani ya rezista, na kwa kazi hii hazifai kabisa.

Udhaifu uko kwenye dayodi. Kila dayodi hula sehemu ya volti kabla ya kupitisha chochote. Ya Schottky kama 1N5711 au ya jemaniamu kama 1N34A hula robo ya volti hivi mkondo ukiwa mdogo. Ya silikoni ya kawaida, 1N4148, hula karibu mara mbili ya hapo. Kwenye wati 5, robo ya volti si kitu: utasoma wati 4.9. Kwenye miliwati 10, ambako kilele ni volti 1 tu, robo ileile inakufanya usome miliwati 5.6. Unaweza kuirudisha robo hiyo kwenye hesabu, na ufanye hivyo, ila ukishuka chini zaidi dayodi haifuati tena kanuni moja ya kukumbukwa kichwani.

Upande wa juu nako kuna ukuta. Dayodi hubebeshwa kinyume volti zinazofikia mara mbili ya kilele. 1N5711 inavumilia volti 70. Maana yake kilele cha volti 35. Maana yake wati 12, basi. Ukitaka zaidi, jenga mzigo kwa nusu mbili za omu 25 zilizofuatana na uiweke dayodi katikati. Volti inapungua nusu na uwezo wa kupima unapanda mara nne, hadi karibu wati 49, ilimradi mzigo wenyewe unahimili joto hilo.

Kukikagua ndiko kunakonifanya nikipende kifaa hiki. Chomoa transmita, weka betri ya volti 9 mahali pake kwa sekunde chache, soma kinachotoka upande wa pili. Pengo kati ya namba mbili ndilo lile linaloliwa na dayodi yako, hiyohiyo uliyoilehemu, si ya kwenye karatasi ya kiwandani. Ukinzani wa mzigo nao unaupima kwa omumita. Hakuna kilichobaki cha kuamini kwa imani.

Mshindani wake ni AD8307 ya Analog Devices, chipu ya miguu minane inayotoa volti zinazopanda sawasawa na desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu mbili: milivolti 25 kwa kila desibeli 1. Inafanya kazi tangu DC hadi megahezi 500 na inafunika desibeli 92, takriban kutoka dBm -75 hadi dBm +17. (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati 1.) Mwaka 2001 Wes Hayward na Bob Larkin walichapisha katika QST, jarida la redio ya ridhaa, mita ya nguvu inayotumia chipu hii, na mpangilio wao umenakiliwa sana tangu hapo. Saketi yenyewe ni fupi: rezista ya omu 52 hivi mlangoni, kapasita chache, chipu, voltimita. Ugumu uko kwenye boksi. Kifaa kinachosikia pikowati 32 kitasikia pia stesheni ya redio ya jirani, taa ya LED na chaja ya simu, kwa hiyo kisipofungwa ndani ya bati lililolehemiwa pande zote utakuwa unapima mtaa mzima.

Usidhani upana huo ni usahihi. Desibeli 1 ya kosa ni asilimia 26 ya nguvu, na AD8307 bila kusahihishwa inaweza kukosea kiasi hicho. Ukitaka kujua kama transmita yako inatoa wati 4.5 au 5, dayodi inaishinda chipu. Ukitaka kujua osileta yako (saketi inayozalisha wimbi) inaipa miksa (saketi inayochanganya masafa) kiasi gani, au chujio linakata desibeli ngapi, dayodi haioni chochote na chipu haina mpinzani.

Njia ya tatu, ya joto, hutajwa kwa nadra. Unaipa rezista ya omu 50 nguvu ya redio, unasubiri joto lake litulie, unaandika nyuzi. Kisha unaipa DC mpaka ifike nyuzi zilezile. Volti mara ampea za DC ndizo wati za redio ulizokuwa nazo. Kwa mfano volti 7.07 na miliampea 141 ni wati 1. Joto halijali umbo la wimbi wala masafa. Linajali subira yako.

| | Dayodi na mzigo | AD8307 | Joto |
|---|---|---|---|
| Nguvu ndogo inayosomeka vizuri | miliwati 10 hivi | pikowati 32 | mamia ya miliwati |
| Usahihi juu ya wati 1 | asilimia chache | desibeli 1 hivi, kupitia kichepushi (kinachochota sehemu ndogo ya nguvu) | mzuri, ukivumilia |
| Kasi | papo hapo | papo hapo | dakika nyingi |
| Kinakaguliwa kwa | betri na voltimita | vipunguzaji na kifaa cha dayodi | chanzo cha DC |

Jenga cha dayodi kwanza, cha chipu kifuate. Joto liweke kuwa mwamuzi siku vifaa viwili vitakapobishana. Na usitupe cha kwanza ukipata cha pili, kwa sababu ndicho kitakachokisahihisha. Ili transmita isiiunguze chipu unahitaji kichepushi cha desibeli 40: rezista tatu za omu 820 zikifuatana kutoka kwenye waya mkuu, halafu omu 51 kwenda ardhini sambamba na mita. Wati 1 ikipita kwenye waya mkuu, chipu inapata dBm -10. Soma wati 1 hiyo kwa dayodi mwishoni mwa waya, soma volti za chipu kwa wakati mmoja, andika. Umepata nukta yako ya kwanza ya kweli. Nukta ya pili inatoka kwenye kipunguzaji.

Kipunguzaji

Hiki ni rezista tatu zinazopunguza wimbi kwa kiasi kinachojulikana, na sijaona kifaa kingine chenye faida kubwa kiasi hicho kwa kazi ndogo hivyo. Kwa desibeli 10, omu 100 kwenda ardhini kila upande na omu 68 katikati. Hesabu inatoa desibeli 9.7 na omu 50.3 mlangoni, tofauti ambayo hutaiona. Kwa desibeli 20, omu 62 kila upande na omu 240 katikati: desibeli 19.7. Kinakaguliwa kwa DC moja kwa moja: funga mlango mmoja kwa omu 50, weka volti 10 mlango wa pili, na kwenye cha desibeli 10 utapata volti 3.3 upande uliofungwa. Katika bendi za mawimbi mafupi, rezista ndogo zenye miguu iliyokatwa fupi hufanya redioni kilekile zinachofanya kwenye DC.

Weka kipunguzaji mbele ya AD8307. Namba ikishuka kwa milivolti 250 kwa desibeli 10, chipu yako ni nzima. Ikishuka 200 au 300, huna AD8307 ya kweli au umekosea saketi. Chipu za bandia zipo sokoni na huonekana sawasawa na za kweli mpaka zipimwe.

SWR: daraja, kapla au kununua

Hapa ndipo ubishi ulipo, na ndipo vifaa vya kujitengenezea vinapotofautiana kwa kina.

Daraja la rezista ni mraba wa vipingamizi vinne: vitatu vya omu 50 na cha nne ni antena yenyewe. Antena ikiwa omu 50, daraja linatulia na dayodi ya katikati haisomi kitu. Ikiwa vingine, dayodi inasoma. Lina sifa moja ambayo anayejenga transmita ndogo ataishukuru: hata antena ikatike au igusane na ardhi, transmita haioni zaidi ya SWR ya 2. Antena ikiwa wazi transmita inaona omu 100. Ikiwa imegusana, inaona omu 33. Transista zake hazifi wakati unazungusha vishikizo vya tuna (kifaa cha kulinganisha antena na transmita). Dan Tayloe aliirahisisha zaidi kwa kuweka taa ya LED mahali pa mita: tuna ikikaa sawa, taa inafifia na kuzimika. Kwa redio ya kubeba mgongoni sijui kitu kizuri kuliko hicho.

Gharama yake ni kwamba robo tatu ya nguvu inaishia kwenye rezista, kwa hiyo daraja linawekwa wakati wa kurekebisha tu, kisha linaondolewa kwa swichi. Ukisahau kuliondoa, utashangaa kwa nini hakuna anayekusikia.

Kapla hukaa kwenye waya muda wote. Ile ambayo Warren Bruene wa kampuni ya Collins aliieleza katika QST mwaka 1959, na zile zenye toroidi mbili (koili zilizozungushwa kwenye pete) zilizokuja baadaye, zote zinachota sehemu ndogo ya wimbi linalokwenda na ya linalorudi, kila moja kwenye mlango wake. Ukizungusha waya mara 10 kwenye feraiti, unachota sehemu 1 ya 100. Zinaonekana nzuri, sindano mbili zinacheza, kila mtu anazitaka. Shida ni kwamba zinakosea kwa njia mbili ambazo mjenzi hazioni.

Ya kwanza ni dayodi tena. Chukua transmita ya wati 5 na antena yenye SWR ya 1.5. Kapla ya mizunguko 10 inachota kilele cha volti 2.24 kwa wimbi linalokwenda na volti 0.45 kwa linalorudi. Dayodi inakula robo ya volti kila upande: zinabaki 1.99 na 0.20. Mita inahesabu na kukuambia SWR ni 1.22. Antena imesifiwa bure. Kadiri nguvu inavyoshuka ndivyo sifa zinavyozidi, mpaka kwenye wati nusu unapata antena isiyo na kasoro hata moja.

Ya pili ni uchafu wa mwelekeo: sehemu ya wimbi linalokwenda huvujia mlango wa linalorudi. Kapla iliyojengwa bila uangalifu hutenganisha kwa desibeli 20 tu. Kwa antena hiyohiyo ya 1.5, mvujo huo pekee unaweza kukufanya usome popote kati ya 1.22 na 1.86. Ukifika desibeli 30, mkanganyiko unabanwa kati ya 1.40 na 1.60, na hapo unaweza kuishi nao.

Daraja la rezista likiunganishwa na AD8307 badala ya dayodi, ukililisha kwa jenereta ndogo badala ya transmita, linaepuka kosa la kwanza, na la pili unaweza kulipima mwenyewe. Mlango wa antena ukiuacha wazi, kisha ukiufunga kwa waya mfupi, namba mbili zinapaswa kulingana. Weka rezista nzuri ya omu 50: namba ianguke kwa desibeli 30 au zaidi. Halafu chukua rezista mbili za omu 50. Zikiwa sambamba ni omu 25, zikifuatana ni omu 100, na zote mbili ni SWR ya 2, yaani desibeli 9.5 chini ya namba ya mlango wazi. Ukipata 9.5 mara zote mbili, daraja lako ni la kuaminika na hukuhitaji maabara ya mtu. SWR ya 1.5 utaiona kwenye desibeli 14, ya 3 kwenye desibeli 6.

Sasa swali la kweli: kwa nini ujisumbue wakati NanoVNA, kichanganuzi kidogo cha antena na saketi, ipo? Kifaa hicho kilibuniwa Japani na mtu anayejulikana kwa jina la edy555, kikaboreshwa na kusambazwa kwa wingi kutoka China mwaka 2019, na toleo lake la kawaida linapima kutoka kilohezi 50 hadi megahezi 900. Linakuonyesha ukinzani na upande wa kukosea: kama antena ni ndefu mno au fupi mno. Daraja lako haliwezi hilo. Linakuambia umekosea kiasi gani, halikuambii umekosea upande gani. Kwa kurekebisha antena ya waya, kununua kumeshinda, na sioni haya kulisema.

Hata hivyo kuna hali mbili ambazo bado nachagua daraja. Moja ni tuna ya safarini niliyoitaja. Nyingine ni karibu na stesheni kubwa ya utangazaji, lakini hapa hesabu inageuka: antena kubwa huleta volti za stesheni hiyo mlangoni, na dayodi au AD8307, ambazo hazichagui masafa, zinazisoma kana kwamba ni wimbi linalorudi. Daraja linalolishwa na transmita ya wati kadhaa halijali, kwa sababu mawimbi yake yanazizidi nguvu. Daraja linalolishwa na jenereta ya miliwati linapotea kabisa. Kwa sababu hiyohiyo vile vichanganuzi vya antena vya Arduino (kompyuta ndogo) na AD9850 (chipu ya kuzalisha mawimbi), ambavyo miaka michache kabla ya NanoVNA vilikuwa kazi nzuri ya mikono, leo nisingevianza. Vinabeba udhaifu wa dayodi na udhaifu wa nguvu ndogo kwa pamoja.

Chanzo cha mawimbi

Daraja na mita havina kazi bila kitu cha kuvilisha. Chaguo mbili zinazotawala ni Si5351 na AD9850. Si5351 inatoa mawimbi matatu kwa wakati mmoja, kutoka kilohezi 8 hadi megahezi 160, na inahitaji nyaya mbili tu kutoka kwenye kompyuta ndogo kama Arduino. Lakini inatoa wimbi la mraba. Ukiiweka megahezi 7, megahezi 21 zinatoka pamoja nazo, desibeli 9.5 tu chini. Ukipima chujio kwa wimbi hilo na mita isiyochagua masafa, hamoniki hizo (mawimbi ya masafa yaliyo mara kadhaa ya masafa makuu) zitaharibu grafu yako yote. AD9850 inatoa wimbi laini, inatembea kwa hatua za hezi 0.03, na kwa saa yake ya megahezi 125 ni nzuri hadi megahezi 40 hivi. Kadiri unavyopanda, kivuli chake (wimbi usiloliomba, kwenye 125 kutoa masafa uliyoomba) kinakaribia: ukiomba 30, kuna kingine kwenye 95.

Kwa kupima vichujio na madaraja ya mawimbi mafupi, AD9850. Kwa osileta ya redio au alama ya masafa, Si5351. Kwa kujaribu usikivu wa kipokezi, hata moja, isipokuwa uko tayari kufua bati. Kipokezi kizuri husikia mikrovolti 0.2, yaani dBm -121. Jenereta ya dBm 0 ikiwekwa vipunguzaji vya desibeli 120 mbele yake bado itavuja kupitia waya wa umeme na mianya ya boksi, na kipokezi kitasikia mvujo kabla ya kusikia kilichopita kwenye vipunguzaji. Hapo kristali moja, betri moja na boksi dogo lisilo na waya unaotoka nje huishinda chipu yoyote.

Masafa: dipa na kaunta

Dipa ni osileta yenye koili ya kuchomeka mbele na sindano inayoanguka koili hiyo ikikaribia saketi inayolingana nayo. Ni kifaa cha enzi za vali, na kina haiba yake. Kwa trapu za antena (saketi zinazozuia masafa fulani) na koili za hewani bado kinafanya kazi. Kwa toroidi, ambazo karibu wote tunazitumia sasa, kinanyamaza, kwa sababu uga wa sumaku umefungiwa ndani ya duara. Inabidi uzungushe waya wa mzunguko mmoja kuviunganisha. Na ukiisogeza karibu mno, saketi inayopimwa inavuta osileta na namba inahama. Koili ya mzunguko mmoja kwenye NanoVNA inafanya kazi ileile bila kuvutwa. Kama unapenda kujenga, jenga; kama unahitaji jibu, pita.

Kaunta inadanganya kwa namna ya heshima zaidi, kwa tarakimu nyingi. Ikihesabu kwa sekunde 1 inaonyesha hadi hezi 1, nawe unaziamini tarakimu zote nane. Lakini kristali ya kawaida inaweza kuwa nje kwa sehemu 20 katika milioni, na kwenye megahezi 14 hizo ni hezi 280. Redio nyingi za kisasa zina kristali inayofidia mabadiliko ya joto, yenye kosa la sehemu 0.5 katika milioni, yaani hezi 7. Maana yake ni kwamba redio uliyo nayo huenda ni kaunta bora kuliko ile unayotaka kuijenga: washa osileta yako, isikilize, soma kioo. Najenga kaunta pale tu ninapotaka kuitazama osileta ikihama kwa saa nzima, kwa sababu hapo ninachohitaji ni mabadiliko, si ukweli kamili. Na ukitaka ukweli, stesheni ya WWV huko Fort Collins, Colorado, hutangaza kwenye megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20, na mpigo wa sekunde 1 kutoka kwenye kipokezi cha GPS unapatikana popote penye anga wazi.

Mita ya koili na kapasita sitaizungumzia sana kwa kuwa haina ubishi: jenga. Osileta moja ya kilohezi mia tano hivi, kompyuta ndogo ya kuhesabu, na kapasita moja ya pikofaradi 1000 yenye usahihi wa asilimia 1. Kapasita hiyo moja ndiyo inayoisahihisha mita yote, na toroidi zako zinaacha kuwa bahati nasibu.

Wigo: hamoniki zinatoka au hazitoki

Kichanganuzi cha wigo, kinachoonyesha nguvu iliyopo kwenye kila masafa, kinaweza kujengwa nyumbani. Wes Hayward na Terry White walionyesha hivyo katika QST mwaka 1998, kwa maboksi ya bati yaliyounganishwa moja baada ya jingine: miksa, chujio, miksa ya pili, chujio jingine, kipimo cha desibeli. Kukijenga ni shule kamili ya redio. Kama lengo ni shule, sina la kupinga. Kama lengo ni kujua transmita yako ni safi, tinySA ya Erik Kaashoek, kichanganuzi kidogo cha wigo kilichotoka mwaka 2020, inapima kutoka kilohezi 100 hadi megahezi 350 kwenye mlango wake safi na ina wimbi lake la ndani la megahezi 30 la kujisahihisha. Kifaa cha kujengwa nyumbani ambacho kitaishinda kitachukua muda mrefu, na hutakuwa na cha kukikagulia.

Kati ya hizo mbili kuna RTL-SDR, kile kijiti cha USB cha kupokelea televisheni. Kinavutia kwa sababu wengi tayari wanacho, na picha yake ya wigo ni ya kupendeza. Ila ni cha biti 8, kinatazama megahezi 2.4 kwa wakati mmoja, na hakijui dBm ni nini. Kikubwa zaidi, kinazidiwa upesi, na kikizidiwa hutengeneza hamoniki zake chenyewe. Mtu anaona mstari kwenye megahezi 28 akaanza kubomoa chujio la transmita ambalo halina kosa.

Chaguo la nne halihitaji kichanganuzi. Chukua AD8307 yako na chujio linalokata masafa ya chini, lilipime kwa jenereta yako mpaka uwe na hakika kwamba linafuta masafa ya msingi kwa desibeli 60, kisha liweke kati ya kichepushi na mita. Kinachobaki kwenye mita ni hamoniki zote kwa pamoja. Haikuambii ni ya pili au ya tatu, lakini kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka transmita za chini ya megahezi 30 ziwe na kila uchafu desibeli 43 chini ya nguvu kuu, na jumla yake ikiwa chini ya hapo kila mmoja wake uko chini pia.

Kwa kijiti, kwa tinySA, na kwa chochote utakachojenga, jaribio la kutofautisha uchafu wa transmita na uchafu wa kipimo ni lilelile. Ingiza kipunguzaji cha desibeli 10 kati ya viwili hivyo na utazame mstari unaoushuku. Ukishuka kwa desibeli 10, umetoka kwenye transmita. Ukishuka kwa 20 au 30, umezaliwa ndani ya kipimo chenyewe: ongeza kipunguzaji cha pili na upime upya kabla ya kugusa chujio.